Sura ya Sita: Njia Nyepesi ya Amani

Kutoka Muheza mjini hadi Amani ni kilomita zipatazo 35 za barabara ya vumbi, na masika yakiingia ni kilomita hizo hizo za tope. Gari la abiria hupanda mara chache kwa siku, limesheheni sukari, sabuni, mabati, madaftari ya shule na watu wanaorudi makwao. Kwanza hupita katikati ya michungwa ya tambarare, hufika geti la Zigi, kisha huanza kona. Kadiri linavyopanda ndivyo joto la Tanga linavyobaki nyuma. Ukishuka Amani, kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, unatafuta sweta kwenye begi hata kama ulitoka nyumbani ukijipepea.

Sura hii inamwalika msomaji kupanda gari hilo kwa ajili ya matembezi ya nusu siku. Njia za Amani ni nyepesi. Hazihitaji kamba wala kifua cha mwanariadha. Mtoto wa shule ya msingi anazimudu, na mzee mwenye fimbo anazimudu pia akipewa nafasi ya kupumzika. Nimezichagua kwa sababu hiyo. Anayepanda mlima mrefu huangalia miguu yake na saa yake. Anayetembea kwa wepesi ana nafasi ya kuangalia alipo na kumsikiliza anayemwongoza. Na Amani kuna mengi ya kusikiliza, kwa maana msitu wake umefanywa na mvua na umefanywa na watu vile vile. Anayetaka kuuelewa inampasa aende polepole, mwenyeji akiwa mbele.

Kabla ya hatua ya kwanza

Amani ipo Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima mikongwe unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Bahari ya Hindi iko umbali wa kama kilomita 50 kwa mstari ulionyooka. Upepo wake hupanda mlimani ukiwa na unyevu, hupoa, na kuumwaga. Kwa mwaka mvua hufikia karibu milimita 2,000. Hali hiyo imedumu kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu kubwa za Afrika zilikauka na misitu yake kutoweka. Kwa sababu hiyo hapa kuna mimea, vyura, vinyonga na ndege ambao hawapatikani kwingine kokote duniani.

Ada hulipwa getini Zigi, penye nyumba ya zamani ya stesheni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi hapo ili kushusha magogo kwenda reli kubwa ya Tanga. Reli imekwisha kung'olewa, nyumba imebaki, na leo inapokea wageni. Hifadhi yenyewe, yenye ukubwa wa hekta 8,380, ilitangazwa mwaka 1997, ikawa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini Tanzania. Sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambao wengi huuita TFS.

Mwezi mzuri wa kwenda ni wowote kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari. Hata hivyo chukua koti la mvua, maana mlima huu haungoji msimu. Vaa viatu vya kufunga vyenye soli ya meno, na suruali ndefu uichomeke ndani ya soksi. Siafu wa Amani wana njia zao, na mara nyingi njia zao hukatiza yako. Ukiona mstari mweusi unaotembea ardhini, ruka, usisimame kupiga picha.

Tafuta mwongozaji wa kijijini. Njia zipo na zimesafishwa, lakini macho ya mgeni huona ukuta wa kijani tu. Waongozaji wa hapa ni watoto wa vijiji hivi. Wengi walilelewa na wazazi waliochuma chai au kulima iliki, na walianza kuyajua majani kwa kutumwa na bibi zao kutafuta dawa. Wanajua mti kwa harufu ya ganda lake lililokwaruzwa. Wanamtambua ndege kwa sauti kabla hajaonekana.

Kijiji nacho kina adabu zake. Msalimie kila unayekutana naye njiani. Mzee mpe shikamoo yake kwanza, ndipo uulize unachotaka kuuliza. Mama mwenye kuni kichwani au gunia la iliki mgongoni ana haki ya njia. Sogea pembeni apite. Vijiji vinavyoizunguka hifadhi vina kamati zake za maliasili, na wananchi huruhusiwa kuokota kuni kavu siku maalumu. Kwa hiyo unapomkuta mtu msituni na mzigo, usimwangalie kama mwizi. Yuko kazini kwake, na wewe ndiwe uliyekuja kwake.

Bustani iliyolisha mbali

Matembezi mengi huanzia penye nyumba za zamani, katika miti ambayo kwa kweli si ya hapa. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilianzisha Amani taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Kazi yake ilikuwa kujua ni mmea gani wa nchi za joto ungeiletea koloni fedha. Miche ililetwa kutoka Asia, Amerika ya Kusini na pembe nyingine za Afrika: mikwinini, mikafuri, midalasini, mikaratusi, miti ya mpira, mianzi ya kila unene. Mingine ilikufa. Mingine ilistawi na leo ina zaidi ya miaka mia moja, mashina yake hayakumbatiki na watu wawili.

Mwombe mwongozaji akuonyeshe mdalasini. Atachuna jani moja, atalikunja mpaka livunjike, na kukupa unuse. Kisha nenda kwenye mkafuri ufanye vile vile. Mgeni aliyeijua kafuri katika mambo ya mazishi tu hushangaa kuikuta ndani ya jani bichi linalong'aa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, majeshi ya Wajerumani yalitengwa na meli za kwao, na Amani ikageuka kuwa kiwanda. Maganda ya mikwinini yalitengenezwa dawa ya malaria kwa ajili ya askari. Baada ya vita Waingereza waliichukua taasisi, na katika miaka ya 1920 wakaifungua upya kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki.

Katika kipindi hicho ilifanyika kazi ambayo, kwa maoni yangu, inastahili kufundishwa katika kila shule ya msingi ya nchi yetu. Muhogo ulikuwa unaangamia kwa batobato, ule ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa na mabaka ya njano, na mizizi kubaki myembamba. Mtafiti H. H. Storey na wenzake, tangu miaka ya 1930, waliuchavusha muhogo na ndugu zake wa mwituni, hasa mti wa mpira wa jamii ya muhogo ambao uliletwa kwa ajili ya utomvu. Kizazi baada ya kizazi walichagua miche iliyovumilia ugonjwa na kuirudisha kwenye muhogo wenye ladha. Storey huyo huyo ndiye aliyeandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, juu ya ugonjwa mwingine wa muhogo unaowatesa wakulima wa pwani mpaka leo, michirizi ya kahawia.

Mbegu zilizotokana na kazi ya Amani zilipelekwa Nigeria. Huko ikachaguliwa miche iliyokuja kuwa mzazi wa mbegu bora nyingi za muhogo zilizosambaa Afrika Magharibi na kwingineko. Mama anayekaanga gari, yaani unga wa muhogo, Lagos na mama anayechemsha muhogo kwa nazi Pangani wanaunganishwa na mashamba ya majaribio yaliyokuwa kwenye mteremko huu.

Majina yaliyochapishwa kwenye ripoti ni ya mabwana wakubwa. Mashimo yalichimbwa na vibarua, miche ilimwagiliwa na vibarua, na majani yenye ugonjwa yalihesabiwa na vijana wa hapa waliofundishwa kazi hiyo. Mara chache jina la mmoja wao limebaki. Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani kati ya 1928 na 1946, alikuja kuwa mtaalamu mkubwa wa ndege wa Afrika, na ndege mmoja mdogo wa Usambara mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui, anaitwa kwa jina lake. Macho na masikio aliyoyategemea yalikuwa ya wasaidizi Waafrika, na aliyejulikana zaidi kati yao ni Salimu Asmani. Yeye ndiye aliyewatafuta ndege, akavumbua viota, akakaa kuvichungulia. Ndege yule aliyepewa jina la bwana ni haki tumtaje pamoja na Salimu.

Baadaye utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria na wadudu waenezao magonjwa. Kazi hiyo ilikuja kuwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo hadi leo ina kituo chenye jina la Amani, ingawa shughuli nyingi zimeshushwa Muheza. Mlimani zimebaki nyumba zenye mabati mekundu, maabara zilizotulia, na wazee wanaokumbuka mishahara ya mwisho wa mwezi.

Ndani ya msitu

Ukiiacha bustani, njia huingia msituni na mwanga hupungua ghafla. Subiri kidogo macho yazoee. Chini pana majani makavu ya tabaka juu ya tabaka, na udongo wake unarudi chini ya kiatu. Juu, mita 30 na zaidi, matawi ya miti mikubwa yamegusana. Katikati kuna miti midogo inayongoja mkubwa mmoja aanguke ipate jua.

Mti wa kuujua kwanza ni msambu. Huzaa matunda makubwa ya rangi ya kahawia, mazito, yanayoning'inia kwenye vikonyo hadi yanapoanguka yenyewe. Ndani mna mbegu zenye mafuta magumu meupe. Wenyeji waliyatumia mafuta hayo kupikia na kutengenezea sabuni tangu zamani. Katika miaka ya 2000 viwanda vya Ulaya viliyatamani kwa ajili ya siagi ya mimea, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu yatumike kwenye chakula. Ghafla mti ambao ulikatwa kwa mbao ukawa na thamani ukiwa umesimama. Familia huokota matunda, huyaacha yaoze kidogo, huzikamua mbegu kwa mikono na kuzianika juani. Njia ikipita chini ya msambu, utaona maganda yaliyobaki.

Sasa inama. Penye mwamba wenye kivuli, karibu na kijito, ambapo maji yanatiririka juu ya jiwe bila kukoma, tafuta majani manene yenye manyoya laini, yamelala yameuzunguka mzizi mmoja. Yakiwa na maua, ni madogo ya rangi ya urujuani, yenye vichwa viwili vya njano katikati. Ndiyo saintpaulia. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa akiongoza wilaya ya Tanga kwa niaba ya Wajerumani, alilituma ua hili kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la familia hiyo. Tangu hapo limekuwa moja ya maua ya chungu yanayouzwa sana duniani, linakaa madirishani Berlin, Chicago na Tokyo. Wauzaji wake wametajirika. Pale jiweni, mmea wenyewe unang'ang'ania kipande cha unyevu kisichozidi meza, na mti unaoutia kivuli ukikatwa, jua la wiki chache linaumaliza.

Liangalie, liache. Ukiling'oa hutaliotesha nyumbani, na jiwe litabaki tupu.

Wanyama wa Amani ni wadogo na wanaotaka subira. Hakuna tembo wala simba, na ndiyo maana unaweza kutembea kwa miguu bila bunduki. Mbega mweusi mwenye manyoya meupe mabegani anakaa juu, anakula majani, na alfajiri anakoroma kwa sauti inayovuka bonde. Kima ni mchokozi zaidi. Anateremka mpaka mashambani na wakulima hawampendi. Vinyonga wako wa aina kadhaa. Yupo dume mwenye pembe tatu puani, na yupo kinyonga wa majani makavu asiyezidi kidole cha mtu mzima, kahawia kama jani lililokufa. Mchana huyo hutembea chini na mgeni humkanyaga bila kujua. Usiku hupanda kijiti, na mwongozaji mwenye tochi humwona kwa urahisi, amelala, amekishika kijiti kwa miguu minne na mkia.

Kisha utasikia mbawa. Hondohondo wakubwa wakipita juu ya msitu, hewa kati ya manyoya yao huvuma hata mtu anayezungumza hunyamaza. Wanatafuta matunda, na tunda wanalolipenda linatueleza habari nyingine ya msitu huu.

Mti wake unaitwa mhesi. Kwao ni magharibi, kuanzia Kagera na Uganda hadi Congo. Uliletwa Usambara na wataalamu wa misitu, ukapandwa kwa wingi hasa kuanzia miaka ya 1960, kwa sababu hukua haraka na kutoa mbao. Katika miaka hiyo hiyo mashine za kupasua mbao zilikuwa zikiingia ndani ya msitu wa asili na kuacha mapengo makubwa. Hondohondo walikula tunda la mhesi, wakadondosha mbegu katika mapengo hayo. Mbegu ikapata jua, ikaota, ikawaacha nyuma watoto wa miti ya asili ambao huenda polepole. Ukataji wa mashine ulisimamishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, baada ya kelele nyingi za watafiti na wananchi, lakini mhesi ulikwisha kushika. Mwombe mwongozaji akuonyeshe shina lake lililonyooka lenye ganda la kijivu. Ukishaujua, utauona kila mahali, na utaelewa kwamba pengo lililofunguliwa na msumeno kwa siku moja hujazwa kwa karne nzima na chochote kilichowahi kufika.

Iliki

Njia za Amani hutoka msituni na kuingia mashambani, kisha hurudi msituni. Mpaka hauko wazi sikuzote, kwa kuwa zao kuu la hapa hulimwa chini ya miti mirefu.

Msomaji anaijua iliki ndani ya chai, maandazi na pilau. Wachache wameiona inapozaliwa. Majani yake ni marefu, yamesimama kupita urefu wa mtu, na mgeni hutafuta matunda huko juu asiyaone. Piga goti. Kwenye shina, usawa wa udongo, zimetoka tagaa nyembamba zinazotambaa juu ya majani makavu. Juu yake kuna maua meupe yenye michirizi ya zambarau, na nyuma ya maua punje za kijani, ngumu, zenye pande tatu. Hazikomai zote pamoja. Mchumaji anapita leo akichagua zilizotimia, anarudi baadaye kwa nyingine, na kila safari anainama mgongo mzima. Baada ya hapo ni kukausha, na Amani, penye ukungu na mvua, kukausha ni kazi ya kubahatisha: anika, anua, anika tena, au tumia moto na kuvumilia moshi.

Zao hili lilienea mno kwa wakulima wadogo katika nusu ya pili ya karne ya 20. Lilisomesha watoto na kuezeka nyumba. Lilikuwa na gharama yake pia. Ili iliki istawi, mkulima hufyeka miti midogo na kuacha mikubwa. Kwa mbali msitu unaonekana mzima, kumbe chini hakuna mti mchanga wa kurithi. Baada ya miaka kadhaa mazao hupungua, na kishawishi cha kukata mikubwa iliyobaki ili kupanda mahindi huwa kikubwa.

Serikali ilipoamua kuuhifadhi msitu wa Derema, unaounganisha vipande vya misitu ya hapa, zaidi ya wakulima elfu moja walikuwa na iliki ndani yake. Waliambiwa watoke na walipwe fidia. Suala hilo lilichukua miaka, na wengi waliona walichopokea hakikulingana na shamba lililokuwa likiwapa fedha kila mwaka. Ukitembea na mwongozaji upande huo, usiogope kumuuliza. Atakueleza faida ya kuunganisha msitu na uchungu wa kupoteza shamba katika sentensi moja, kwa sababu kwake yote mawili ni kweli. Nami naamini yote mawili ni kweli. Msitu wa Derema ulistahili kulindwa, na mkulima wake alistahili malipo yanayotosha kuanza maisha upya, tena kwa wakati.

Habari ya vipepeo inafanana nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa vijiji vya Usambara Mashariki, kwa msaada wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, walianza kufuga vipepeo katika vibanda vya neti. Walipanda mimea inayoliwa na viwavi, wakakusanya mayai, wakawalisha viwavi hadi wakawa pupa. Pupa zilifungwa kwa uangalifu na kusafirishwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho. Wengi waliofuga walikuwa wanawake, na fedha ilitegemea msitu ubaki ulivyo, maana kipepeo mzazi hutoka humo. Mwaka 2016 serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia katika katazo hilo. Vibanda vikakauka. Lengo la katazo lilikuwa kuwazuia wanaotorosha wanyama, lakini aliyeumia Amani ni mama mwenye neti na majani.

Nimeyasema haya katika sura ya matembezi kwa sababu ndiyo utakayoyapita kwa miguu: shamba la iliki, kibanda chenye neti iliyochanika, boriti ya mpaka wa hifadhi. Asiyeelezwa ataona mandhari tu.

Mbomole, na maji yanakokwenda

Njia ninayompendekezea mgeni wa mara ya kwanza ni ya kilima cha Mbomole. Inaanzia Amani, inapita msituni na pembezoni mwa mashamba, na mwendo wake ni wa kupanda taratibu. Ukitoka asubuhi baada ya chai utarudi kabla ya chakula cha mchana kuchelewa. Juu pana uwazi. Ukungu ukiinuka unaona chai ya kijani iliyokatwa usawa mmoja, mabonde yenye msitu, na mbali zaidi tambarare inayoteremka kuelekea baharini.

Chai hiyo nayo imeleta watu. Mashamba ya Kwamkoro na Bulwa yalikusanya wafanyakazi kutoka mikoa mingi, hasa Nyanda za Juu Kusini, wakachanganyika na Wasambaa na Wabondei. Wajukuu wao leo ni wenyeji, wanazungumza Kiswahili cha Tanga, na wanazika hapa hapa.

Ukiwa kilimani, fuata mabonde kwa macho. Kila mkunjo una kijito, na vijito hivyo hukutana kuwa Mto Zigi. Msitu ndio unaoufanya mto huo utiririke kiangazi. Mvua kubwa ikipiga juu ya matawi, hushuka taratibu, huingia kwenye yale majani makavu uliyoyakanyaga, huzama ardhini na kutoka kidogo kidogo kwa miezi. Pasipo miti, mvua ile ile huteremka kwa siku moja ikiwa na udongo. Zigi hufika kwenye bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, na kutoka bwawani maji huenda kwenye mabomba ya jiji la Tanga: majumbani, hospitalini, bandarini, viwandani.

Tanga wanalijua hilo. Mamlaka ya maji ya jiji, Tanga UWASA, imeshirikiana na umoja wa wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi katika kulinda vyanzo. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani na kupata shilingi bilioni 53.12 na zaidi za kupanua huduma ya maji. Ni fedha nyingi, na ni jambo la kujivunia kwa jiji letu. Wawekezaji walioinunua wanalipwa riba kwa sababu mto unaendelea kuleta maji, na mto unaendelea kuleta maji kwa sababu kuna mkulima wa mlimani ambaye hakulima hadi ukingoni mwa kijito. Mkulima huyo naye ni mwekezaji. Sehemu yake katika faida hiyo ihesabiwe na ilipwe, kwa barabara inayopitika masika, kwa bei nzuri ya iliki, kwa ajira ya vijana wake katika hifadhi.

Wewe msomaji huna hatifungani ya kutoa, lakini una miguu. Nenda Amani. Chukua watoto, wasione msitu kwenye kalenda pekee. Lipa ada bila kunung'unika, ajiri mwongozaji wa kijijini na umlipe vizuri, lala kijijini walau usiku mmoja, ule ugali na mboga za pale. Unapoondoka nunua iliki kwa aliyeichuma, kwa bei atakayoitaja, wala usimpunguzie hata shilingi mia. Msitu huu umesimama kwa sababu kuna watu wanaoishi karibu nao ambao kila mwaka huamua kutoukata. Uamuzi huo una gharama, na wanaonufaika nao, kuanzia Tanga hadi kila jiko lenye iliki, wanapaswa kuuchangia.